Namna ya Kuamua Ubishi wa Prosesa na RAM Kabla Fedha Haijatoka Mfukoni

Kompyuta mpakato mbili zilikuwa mezani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, zote zimetumika, zote zinauzwa kwa bei moja. Ya kwanza ilikuwa na prosesa (kipande kinachotekeleza amri za kompyuta) ya Intel iitwayo Core i7-7500U, ya pili Core i5-8250U. Mteja, mama mwenye duka la stationari upande wa Kabwe, aliuliza ipi ni nzuri zaidi, na kabla sijafungua mdomo kijiwe kizima cha mafundi na wapita njia kilikwisha kumjibu: i7 ni i7. Alibisha mtu mmoja tu, kijana anayesoma chuo pale Iyunga, akazomewa hadi akanyamaza, nami nilikuwa miongoni mwa waliomzomea. Baada ya wiki chache yule mama, aliyekwisha nunua i7, alirudi akilalamika kwamba mashine inakwama kila anapochapa kazi ya mteja mmoja huku akisafisha picha za pasipoti za mwingine. Nilipokaa na kusoma takwimu za prosesa hizo mbili kwa utulivu, niliona aibu. Ile i7 ya kizazi cha saba ina viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) na nyuzi nne (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja), wakati i5 ya kizazi cha nane ina viini vinne na nyuzi nane. Keshi, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, kwa i7 ni megabaiti 4, ya i5 ni megabaiti 6. Mtengenezaji alikuwa ameyaandika yote hayo wazi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyesoma herufi moja na tarakimu moja, nikaacha zilizofuata.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuamua mabishano ya aina hii, yawe ya kijiweni au ya kwenye makundi ya simu ambako watu hutukanana hadi usiku wa manane kwa ajili ya vipande vya silikoni. Nauandika kwa ajili ya mafundi, wauzaji, wanafunzi na wanunuzi wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko ambako kompyuta bado ni mali ambayo mtu hujinyima miezi kadhaa ili kuipata.

Andikeni swali kwanza

Mabishano mengi ya prosesa hayaishi kwa sababu kila mbishani anajibu swali lake mwenyewe. Mmoja anafikiria mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta, mwingine anafikiria hesabu za chama cha ushirika, wa tatu anafikiria betri itakayodumu kutoka Iringa hadi Dodoma. Kwa hiyo, kabla ya hoja yoyote, andika sentensi moja yenye kazi, bei na umeme ndani yake, kisha wabishani wote waikubali. Mfano wake ni huu: kati ya mashine hizi mbili za bei sawa, ipi itamaliza mapema kutengeneza kitabu cha kurasa mia mbili katika mfumo wa PDF, huku kivinjari kikiwa na kurasa kumi wazi, ikiwa imechomekwa kwenye umeme? Sentensi kama hiyo huonekana ya kuchosha, lakini nimeona nusu ya ubishi ikifa wakati wa kuiandika, kwa kuwa wabishani hugundua kwamba hawakuwa wakipingana.

Neno la kuangaliwa kwa makini zaidi ni kasi, kwa kuwa lina maana mbili zinazovaa nguo moja. Bodaboda itakutoa Uyole na kukufikisha Mwanjelwa mapema kuliko Coaster inayosimama kila kituo. Lakini ukiwa na abiria thelathini na bodaboda moja, Coaster itakuwa imewashusha wote kabla bodaboda haijamaliza safari ya tano. Kuna kasi ya kumaliza kazi moja, na kuna kasi ya kumaliza kazi nyingi kwa saa. Kiini kimoja chenye nguvu hushinda katika ya kwanza, viini vingi hushinda katika ya pili, na anayesema tu kwamba prosesa yake ina kasi hajasema bado ni ya bodaboda au ya Coaster.

Anayedai kwamba viini vinane ni mara nane ya kiini kimoja ajibiwe kwa hesabu ambayo mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl aliiwekea msingi mwaka 1967. Tuseme robo ya kazi haiwezi kugawanywa, kwa sababu hatua moja inasubiri jibu la iliyotangulia. Robo tatu zilizobaki zikigawanywa kwa viini vinane, kazi nzima itaharakishwa mara 2.9 hivi; na hata ukileta viini elfu moja haitavuka mara nne, kwa kuwa ile robo isiyogawanyika itabaki vilevile. Muulize mbishani sehemu gani ya kazi yake inagawanyika. Kuchakata video hugawanyika vizuri. Programu nyingi za hesabu za dukani hazigawanyiki sana.

Soma jina lote, kisha uidharau gigahezi kwa kiasi

Katika jina kama i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, na herufi ya mwisho ni aina ya matumizi ya umeme. U katika vizazi hivyo ni prosesa ya umeme mdogo, kwa kawaida wati 15. H ni ya kompyuta mpakato inayoruhusiwa kula umeme zaidi. Ndiyo maana i5-6500 ya kompyuta ya mezani, yenye viini vinne na wati 65, inaweza kuiacha mbali i7-7500U katika kazi nzito, ingawa ni ya kizazi cha nyuma na jina lake ni la chini. Anayebisha kwa i3, i5 na i7 pekee anabisha kwa cheo bila kutaja kazi ya mwenye cheo.

Gigahezi, yaani mapigo ya prosesa yanayohesabiwa kwa mabilioni kila sekunde, ina mtego wake. Kwenye meza yangu i7 ilikuwa imeandikwa kasi ya msingi ya gigahezi 2.7 na i5 gigahezi 1.6, na kijiwe kikaona hapo ndipo shauri limekwisha. Hakuna aliyetazama kwamba kasi ya juu zilizoruhusiwa kufikia zilikuwa 3.5 na 3.4, yaani karibu sawa.

Kosa hilo ni la zamani, na liliwahi kuwakumba waliotengeneza prosesa zenyewe. Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4 ikianzia gigahezi 1.4 na 1.5. Ili mapigo yawe mengi, wahandisi walikata utekelezaji wa kila amri katika hatua fupifupi ishirini, karibu mara mbili ya zile za prosesa iliyotangulia. Mstari mrefu namna hiyo una gharama yake: prosesa ikibashiri vibaya njia ambayo programu itafuata, kazi yote iliyokwisha kuingia kwenye mstari kwa ubashiri huo hutupwa, na njia sahihi huanzwa upya. AMD, kampuni shindani, nayo ikauza Athlon XP 2000+, ambayo mapigo yake halisi yalikuwa gigahezi 1.67 tu, ikidai kwa jina hilo kwamba wingi wa mapigo peke yake hauonyeshi kazi iliyofanyika. Mwaka 2004 Pentium 4 ikarefushwa hadi hatua 31, joto likawa tatizo kubwa, na Mei mwaka huohuo Intel ikafuta mradi wa mrithi wake. Core 2 iliyokuja mwaka 2006 ilikuwa na mapigo machache kuliko Pentium 4 za mwisho, na ilizishinda kwa kufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo.

Kwenye simu mtego ni uleule. Prosesa ya simu iitwayo Helio G35 ina viini vinane vya aina ya Cortex-A53 vinavyofika gigahezi 2.3. Helio G99 ina viini viwili vya Cortex-A76 vya gigahezi 2.2 na sita vya Cortex-A55 vya gigahezi 2.0. Kwa wingi wa viini zimelingana, kwa gigahezi G35 inaongoza, na katika matumizi G99 inaiacha mbali, kwa sababu Cortex-A53 hutekeleza amri kwa mpangilio zilivyoandikwa, moja ikikwama zinazoifuata nazo zinasubiri, wakati Cortex-A76 inaweza kuruka iliyokwama na kuendelea na nyingine zilizo tayari. Muuzaji akikutajia viini vinane, muulize ni viini vya aina gani. Asipojua, fungua takwimu za simu hiyo papo hapo mbele yake.

Kanuni ya kuandika kwenye karatasi ya ubishi ni kwamba muda wa kazi hutokana na idadi ya amri, kazi inayomalizika katika kila pigo, na wingi wa mapigo kwa sekunde. Anayetumia mfumo endeshi wa Linux anaweza kuendesha programu yake kupitia amri ya kupimia, perf stat, naye ataonyeshwa idadi ya amri na idadi ya mapigo. Akigawanya ya kwanza kwa ya pili, atapata kazi kwa pigo bila kumsikiliza mtu yeyote.

RAM: tenga vitu vitatu visivyobadilishana

Hapa, kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi inayoendelea, ndipo nimeona watu wazima wakinyimana salamu. Mmoja anasema RAM ni gigabaiti tu na mengine ni mbwembwe. Mwingine anasema DDR5, kizazi kipya cha RAM, ina kasi kuliko DDR4 iliyoitangulia na hilo halina mjadala. Wa tatu ameona namba zinazoonyesha kwamba RAM mpya haijibu mapema kuliko ya zamani. Ajabu ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa sahihi. RAM ina ujazo, ina upana wa njia, na ina muda wa kusubiri, na wingi wa kimoja haulipi upungufu wa kingine.

Upana wa njia ni rahisi kuuhesabu. DDR3-1600 hupitisha hadi gigabaiti 12.8 kwa sekunde kwa kila njia ya biti 64; DDR4-3200 hupitisha 25.6, mara mbili kamili. Muda wa kusubiri nao huhesabiwa kwa namba inayoandikwa CL kwenye kibandiko: izidishe kwa 2000, kisha ugawanye kwa namba ya kasi, utapata nanosekunde. DDR3-1600 yenye CL11 inatoa 13.75. DDR4-3200 yenye CL22 inatoa 13.75 ileile. DDR5-4800 yenye CL40 inatoa 16.67, na DDR5-6000 yenye CL30, ambayo ni ya gharama, inatoa 10. Mwambie mbishani wako afanye hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa namba aliyoikokotoa mtu hana haja ya kuipinga. Huo si muda wote wa safari ya kwenda kwenye RAM na kurudi, ambao kwa kawaida ni nanosekunde 60 hadi 100, lakini unaonyesha kwa nini barabara imepanuliwa sana huku mwendo wa gari la kwanza ukibaki karibu palepale.

Sababu iko katika umbo la kitu chenyewe. Chembe ya RAM ya kawaida, kwa muundo uliovumbuliwa na Robert Dennard wa IBM na kupewa hataza mwaka 1968, ni transista moja (swichi ndogo) na kapasita moja (kitunza chaji). Kapasita hiyo huvuja, hivyo chaji yake hulazimika kuhuishwa tena na tena, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Na kuisoma ni kusubiri chaji ndogo mno itambuliwe na kukuzwa, jambo ambalo halikuharakishwa kwa kiwango ambacho prosesa ziliharakishwa. Keshi iliyo ndani ya prosesa hutumia transista sita kwa kila biti, haihitaji kuhuishwa, na hujibu mapema sana. Ila hula nafasi kubwa na gharama kubwa, na hilo ndilo jibu kwa yule anayeuliza kila wiki kwa nini wasitengeneze RAM yote kwa keshi. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee waliipa pengo hili jina la ukuta wa kumbukumbu, na sehemu kubwa ya ubunifu wa prosesa tangu wakati huo imekuwa ni kutafuta njia za kuuzunguka ukuta huo.

Ili kijiwe kielewe ukubwa wa pengo hilo, mimi hutumia kibanda changu. Tuseme pigo moja la prosesa ya gigahezi 3 ni sekunde moja ya fundi. Kuchukua kitu kwenye keshi ya kwanza ni sekunde nne au tano, kama kunyoosha mkono juu ya meza. Keshi ya tatu ni karibu dakika moja, kama kuinuka na kufungua kabati. RAM, tukikadiria nanosekunde 80, ni dakika nne, kama kwenda kuazima kibanda cha tano na kurudi. SSD, yaani diski isiyozunguka, kwa maikrosekunde 100 ni siku tatu na nusu, yaani basi la Dar es Salaam, kuzunguka Kariakoo, na basi la kurudi. Diski ya kuzunguka, kwa milisekunde 10, ni karibu mwaka mzima: unapanda mahindi, unapalilia, unavuna, na kipuri bado hakijafika.

Ukishaiona picha hiyo, utajua ubishi gani uanze. Kabla ya kuzungumzia DDR gani au CL ngapi, hakikisha mashine haikimbilii diski kwa kukosa ujazo. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu inayoonyesha utendaji, uangalie kumbukumbu na diski wakati kazi halisi inaendelea. RAM ikiwa imejaa karibu yote na diski ikihangaika bila kupumua, tatizo ni ujazo, na kubishania nanosekunde ni kupoteza muda. RAM ikiwa na nafasi ya kutosha, kuongeza ujazo peke yake hakutaleta kasi yoyote, hata kama muuzaji ataapa.

Papo hapo angalia nafasi ngapi za RAM zimetumika. Kompyuta nyingi zenye nafasi mbili huuzwa zikiwa na kipande kimoja, nazo hutumia njia moja tu kati ya mbili. Vipande viwili vya gigabaiti 4 vinaipa prosesa upana maradufu wa kipande kimoja cha gigabaiti 8 cha kasi ileile, na tofauti hiyo huonekana zaidi pale ambapo kazi za picha hufanywa na prosesa yenyewe bila kadi ya picha ya pembeni. Kwenye Linux, free -h itakuonyesha ujazo na matumizi, na dmidecode -t memory, ukiwa na ruhusa ya msimamizi, itakuonyesha kila kipande na kasi yake.

Kuhusu simu zinazotangazwa kuwa na gigabaiti 8 jumlisha 8, zile 8 za pili hukatwa kwenye hifadhi ya kawaida ya simu. Rudi kwenye kibanda changu: hizo ni safari za basi la Dar es Salaam. Zinaweza kusaidia programu iliyofunguliwa jana isifunguke upya, lakini aliyezihesabu kama RAM kamili amehesabu kuku wa jirani.

Ubishi wa gigabaiti 8 za Apple una sura hiyohiyo. Novemba 2023 mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo alisema kwamba gigabaiti 8 kwenye MacBook Pro yenye prosesa ya M3 pengine zinafanana na 16 kwenye mashine nyingine, na dunia ikawaka. Kuna ukweli kwamba kubana data ndani ya kumbukumbu na kuwa na SSD ya haraka hupunguza maumivu. Kazi inayohitaji gigabaiti 12 kwa wakati mmoja, hata hivyo, haienei ndani ya 8, na Oktoba 2024 kampuni hiyo yenyewe ilipandisha kiwango cha chini cha kompyuta zake za Mac hadi 16.

ARM na x86

Hizi ni lugha mbili za amri ambazo prosesa huzielewa. Huu ndio ubishi mkongwe kuliko yote, na nauzungumzia kwa ufupi kwa kuwa mara nyingi haumhusu mnunuzi. Upande mmoja kuna x86, ukoo wa Intel 8086 ya mwaka 1978, wenye amri za urefu tofautitofauti, kuanzia baiti 1 hadi 15. Upande wa pili kuna fikra ya amri chache na nyepesi, iliyosukumwa mapema miaka ya 1980 na David Patterson kule Berkeley na John Hennessy kule Stanford, waliotunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2017. Na kutokana na fikra hiyo Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, mjini Cambridge, walibuni ARM, ambayo kipande chake cha kwanza kilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985. Januari 1992 profesa Andrew Tanenbaum alimkosoa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, pamoja na mengine, kwa kuifunga Linux kwenye prosesa ya Intel 386, akiamini kwamba ukoo huo ungepisha njia. Kompyuta za mezani na seva ziliendelea kuwa za x86 kwa miongo mingi; karibu simu zote za mifukoni mwetu zikawa za ARM. Kila upande una cha kujivunia.

Ubishi huu ukianza, uliza swali moja: faida unayoisifu inatokana na lugha ya amri, au na mambo mengine yaliyo ndani ya prosesa hiyo? Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za Intel huvunja amri ndefu kuwa vipande vidogo kabla ya kuzitekeleza, kwa hiyo hoja kwamba x86 ni nzito kwa asili imepungua makali. Prosesa ya Apple M1 ya Novemba 2020 inapotajwa kama ushahidi wa ushindi wa ARM, kumbuka kwamba ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 5 ya kiwanda cha TSMC, ina keshi kubwa, na kumbukumbu yake iko karibu sana na prosesa. Kwa maoni yangu, lugha ya amri ina mchango wake, kwa kuwa amri za baiti 4 zinazolingana hurahisisha kusoma amri nane kwa mkupuo kama M1 inavyofanya, lakini sehemu kubwa ya ushindi ule ni ya mambo hayo mengine.

Pima kwa haki

Ubishi ukishindikana kwa hoja, pimeni. Tumia kazi iliyoandikwa kwenye sentensi ya mwanzo, kwa mafaili halisi ya mwenye mashine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ukilinganisha prosesa, RAM na diski ziwe sawa, la sivyo utakuwa umepima SSD ukadhani umepima prosesa. Mashine zote ziwe zimechomekwa kwenye umeme na mpangilio wa umeme uwe mmoja. Rudia kipimo mara tano, tupa cha kwanza kwa kuwa mafaili hayakuwa bado kwenye RAM, kisha chukua wastani wa viwili vya katikati kati ya vinne vilivyobaki badala ya kile kilichokufurahisha.

Kuna jambo moja la kwetu huku ambalo wapimaji wa pwani hawalifikirii. Asubuhi ya Juni au Julai, Mbeya hushuka chini ya nyuzijoto 10, na Makete huwa baridi zaidi ya hapo. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzijoto 100, na katika baridi yetu hazifiki huko upesi. Kompyuta mpakato iliyoonekana shujaa kibandani kwangu saa mbili asubuhi inaweza kuwa ya kawaida tu ikipelekwa Dar es Salaam chumbani mwa nyuzijoto 32. Aidha, prosesa ya wati 15 huruhusiwa kwa muda mfupi kuvuka kiwango hicho, hivyo kipimo cha nusu dakika hupima mbio za mwanzo tu. Endesha kazi kwa dakika ishirini mfululizo, na uandike joto la prosesa mwanzoni na mwishoni. Kama mashine imetumika miaka mitatu, futa vumbi na ubadilishe grisi ya kupozea kwanza. Vumbi la barabara zetu limewahi kuifanya prosesa njema ionekane mbovu, na ubishi wa siku mbili ukaisha kwa brashi.

Mambo ya ulimi

Kabla ya kumjibu mtu, rudia dai lake kwa maneno ambayo mwenyewe atayakubali. Mtu akituma picha ya alama za kipimo, usimkejeli. Muulize kipimo kilikuwa cha kiini kimoja au vyote, RAM ilikuwa vipande vingapi, kilidumu muda gani, na mashine ilikuwa kwenye betri au umeme. Asipojua majibu, picha hiyo iwekwe pembeni bila kumdhalilisha. Usimruhusu mtu ageuze kasoro ya upande mmoja kuwa hukumu ya milele. Januari 2018 zilipotangazwa Meltdown na Spectre, kasoro mbili za usalama wa prosesa, mashabiki wa AMD walisherehekea. Ni kweli kwamba Meltdown iligusa zaidi prosesa za Intel, lakini Spectre ilizigusa za Intel, AMD na ARM, kwa kuwa ilitokana na ile tabia ya kubashiri njia ambayo wote waliitumia kukwepa ukuta wa kumbukumbu.

Mbishani akishahamisha swali mara mbili, kwanza kasi, kisha bei, kisha chapa anayoipenda, mrudishe kwenye sentensi iliyoandikwa. Akiikataa sentensi yenyewe, agana naye kwa heshima. Hana mashine ya kununua huyo.

Matokeo yaandikwe: jina zima la prosesa pamoja na herufi ya mwisho, vipande vya RAM na kasi yake, aina ya diski, joto la chumba, tarehe, na muda wa kila mzunguko. Karatasi ya kwanza ya namna hiyo ningali nayo, imebanwa ukutani nyuma ya meza. Yule mama wa Kabwe alileta mafaili yake mwenyewe ya picha na vitabu, nikaitafuta i5 iliyobaki, tukaziweka mashine mbili sambamba zikiwa na RAM sawa na SSD za aina moja, na tukapima mara tano. Nilibadilishana naye bila kumdai hata shilingi. Saa aliishika yule kijana wa Iyunga.